Kidole Gumba cha Kila Asubuhi

Mbacha ni mkeka uliochakaa. Umetoboka hapa, umefumuka pale, lakini ni wako, na giza likiingia unajua utalalia nini. Msala ni mkeka mzuri wa mtu mwingine, ameukunja kwapani, anapita zake. Ndiyo maana wahenga wakatuonya tusiache mbacha wetu kwa msala upitao. Wengi huitamka methali hiyo wakiwa wameshiba, na kuisahau kabla hawajanawa mikono. Sisi wa Santa Apolonia tuliifahamu kwa mguu wa mtu.

Kijiji chetu kimeng'ang'ania ubavuni mwa mlima, huko Oaxaca, nchini Meksiko, mahali ambapo nyumba ya jirani unaiona kwa macho lakini kuifikia kwa miguu ni safari ya saa nzima, ushuke korongo na upande tena. Kwa sababu hiyo babu zetu walizungumza kwa mluzi. Si mluzi wa kuitia mbwa, la hasha! Lugha yetu hupanda na kushuka, na mtu akiondoa maneno ikabaki ile sauti peke yake, mwenzake aliye mlima wa pili anamwelewa neno kwa neno. Wanaume walitaniana kwa mluzi, waligombana na kupatana. Wanawake hawakupiga, kwa kuwa ilisemwa kwamba mwanamke akipiga mluzi anakaribisha nyoka jikoni. Lakini walielewa kila kitu, na niwaambie ukweli, walielewa kuliko wapigaji.

Katika wapigaji wote hakuna aliyemfikia Crescencio. Yeye na Eleuterio walikuwa chanda na pete tangu utotoni. Eleuterio alipomsimamia ubatizo Otilia, binti pekee wa Crescencio, wakaanza kuitana kompadre kama ilivyo desturi kwetu, na tangu hapo hakuna aliyemtaja mwenzake kwa jina. Crescencio alikuwa mgane, akiishi ng'ambo ya korongo katikati ya mibuni yake. Eleuterio alikaa kijijini na mkewe, Hermelinda. Kila alfajiri Eleuterio alipanda hadi kilele cha shamba lake la mahindi, akaweka vidole viwili mdomoni, na mazungumzo yakaanza.

"Kompadre, umelala vipi?"

"Kwa ubavu, kompadre! Wewe je?"

"Mimi nimelalia maharage ya jana. Tumbo limenipigia ngoma mpaka asubuhi."

"Tulilisikia huku! Nikadhani ni radi, nikaanua kahawa yangu."

Kijiji kizima kilikunywa uji wa mahindi kikiwasikiliza. Wanawake waliokuwa wakisaga walicheka huku wakitikisa vichwa, na watoto waliigiza majibu. Nikikumbuka asubuhi zile, ukungu ukiwa bado umelala korongoni na sauti za wazee wale wawili zikipita juu yake, hutamani zirudi, wala sioni haya kusema hivyo.

Na mluzi ulikuwa na jambo moja ambalo wakati ule hatukulitilia maanani. Hauwezi kuficha pumzi. Mwenye homa, mluzi wake ulitetemeka mwishoni. Mwenye huzuni, wake ulikuwa mzito, hauinuki. Mama zetu walisimama ghafla na unga mikononi, wakasikiliza, wakasema, "Huyo leo hayuko sawa. Mpelekeeni mchuzi." Mchuzi ukavuka korongo kabla mwenyewe hajakiri kwamba anaumwa.

Kisha ikaja barabara, na barabara ikaleta lori la soda. Hapo zamani mgeni alipewa uji wa mahindi au maji ya mchaichai. Sasa asiyekuwa na soda mezani akahesabiwa mkata, na anayekataa chupa akahesabiwa mwenye kiburi. Mwaka ambao Crescencio aliteuliwa kusimamia sikukuu ya mtakatifu wetu, alijaza ua mzima kreti arobaini. Santa Apolonia ndiye anayeombwa na wenye maumivu ya meno, nasi kwa heshima yake tulikunywa sukari siku tatu mfululizo. Sijui alitutazamaje huko juu.

Haukupita muda mrefu kabla ya Yadira, muuguzi aliyeletwa kwetu kutoka mjini, kumpima Crescencio na kutikisa kichwa.

"Mzee wangu, una kisukari. Soda sasa basi."

"Mwanangu," Crescencio akamjibu, "mtu akinipa chupa nikaikataa, si nitakuwa nimemtukana yeye na mama yake?"

"Afadhali umtukane."

"Ah! Wewe si wa hapa. Huwezi kuelewa."

Akaendelea kunywa. Meno ya mbele yakaanza kulegea, moja baada ya jingine, yakamtoka. Siku moja alisimama mbele ya ofisi ya kijiji kuwaita watu mkutanoni kwa mluzi, kazi aliyoifanya miaka thelathini. Akaweka vidole, akavuta pumzi, na kilichotoka ni upepo mtupu. Akajaribu tena. Fuuu!

"Mzee anazima mshumaa!" kijana mmoja akapiga kelele, na wenzake wakaangua kicheko.

Crescencio naye alicheka, tena kwa sauti kubwa kuliko wote. Kisha akavuta kofia yake mpaka kwenye nyusi akaenda zake, na mkutano akauacha.

Wakati huohuo mnara wa simu ulisimamishwa mlimani, baada ya kijiji kizima kuupigia kura. Mimi mwenyewe niliinua mkono. Otilia, ambaye alikuwa ameondoka miaka minne nyuma kwenda Kaskazini, Marekani, kuosha vyombo katika mkahawa, akatuma simu mbili, moja ya baba yake na nyingine ya Eleuterio. Asubuhi ya kwanza Eleuterio alipanda shambani kama kawaida, akapiga mluzi, akasubiri. Badala ya jibu, mfuko wake ukatetemeka. Ulikuwa ni ujumbe wa sauti ya Crescencio.

"Kompadre, mluzi ni mambo ya kale. Tumia simu. Mimi nitakutumia kidole."

Na kweli, kikafuata kidole gumba kilichosimama, cha njano, maana yake niko salama. Eleuterio alikitazama kwa muda mrefu. Hakujua kisa cha meno kilivyomchoma mwenzake. Yeye aliona kwamba rafiki wa maisha yake amemchoka, na jambo hilo lilimuuma sana, lakini mwanaume wa kwetu haulizi mambo kama hayo. Naye akatuma kidole.

Ikawa hivyo kwa miaka miwili. Kidole kwa kidole, kila asubuhi. Otilia naye alimtumia baba yake kidole chake kutoka huko Kaskazini. Eleuterio hakuwa tena na haja ya kupanda mlima alfajiri, kwa hiyo alikipokea kidole kitandani, akajigeuza ubavu wa pili. Kitambi kikamwota. Yadira akamwambia shinikizo la damu limepanda. Kijijini asubuhi zikawa kimya. Kila mtu aliinamia kiganja chake, na vijana wakaziba masikio kwa vile vipande vya kusikilizia muziki. Tulijuana habari za watu wa mbali, na habari za jirani zikatupita.

Siku ya siku, Eleuterio aliinama juu ya chungu cha mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa, akitaka kuona kama yameiva. Simu ikamtoka mfukoni, chubwi!

"Ala!" akapiga kelele. "Simu yangu!"

Hermelinda alicheka mpaka akakaa chini. "Iache iive. Jioni tutaisaga tupate chapati zinazopiga gumzo."

"Wewe unacheka! Kompadre atanijuaje kama niko hai?"

"Ulikuwa unamjulishaje kabla ya hicho kidude?" Akajifuta machozi ya kicheko. "Mlima bado upo palepale, mzee wewe. Haukuhama."

Eleuterio alinung'unika, lakini akachukua fimbo. Njia aliyokuwa akiipanda kwa dakika ishirini ilimchukua saa nzima. Alisimama mara nane kuhema, akiulaani mlima, chokaa na tumbo lake. Alipofika kileleni alikuwa ameloa jasho. Akaweka vidole mdomoni. Mluzi wa kwanza ulikuwa na kutu, lakini wa pili ukatoka.

"Kompadre, umelala vipi?"

Ng'ambo kimya. Moshi haukuonekana juu ya paa la Crescencio. Eleuterio akapiga tena, kisha tena. Alikuwa amekwisha kugeuka aondoke aliposikia kitu, chembamba, kilichochanganyika na upepo.

"Nipo."

Ni neno moja tu, lililopenyezwa kwa shida kwenye ufizi mtupu, nalo likaanguka katikati. Eleuterio alisimama wima. Alikuwa ameusikia mluzi huo kwa zaidi ya miaka arobaini, katika njaa na katika harusi, hata asubuhi ile Crescencio alipomzika mkewe. Hakuwahi kuusikia ukianguka hivyo.

"Umekula?" akauliza.

Kimya.

"Nije?"

Crescencio hakuwahi kumwita mtu katika maisha yake yote. Hata alipovunjika mkono alijibu kwamba ni mchubuko. Eleuterio alisubiri, kiganja kikiwa sikioni. Kisha jibu likaja, likiwa limekatika vipande viwili.

"Njoo."

Alishuka korongo lile kwa makalio zaidi kuliko kwa miguu. Alipanda upande wa pili akishika mizizi. Alimkuta Crescencio ameegemea ukuta wa nje, mwili unawaka homa, mguu mmoja ndani ya buti la mpira. Harufu ilimpokea kabla hajafika. Alipolikata buti kwa panga, akageuza uso. Kidonda kilikuwa kimekula upande wa mguu, na vidole viwili vilikuwa vyeusi.

"Tangu lini?"

"Wiki tatu. Mwiba tu, kompadre. Sikuusikia ulipoingia."

"Wiki tatu! Na jana umenitumia kidole gumba!"

Crescencio alifumbua jicho moja. "Kidole kilikuwa kizima, kompadre. Mguu ndio haukuwa."

Eleuterio alitaka kumpiga kofi na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Aliichukua simu ya mgonjwa, akaona ina namba tatu tu: ya Otilia, yake mwenyewe, na ya zahanati. Akampigia Yadira, ambaye siku ile alikuwa kijiji cha jirani na gari la zahanati, akamweleza alichokiona.

"Mleteni darajani, gari litakuwa pale," Yadira akasema. "Sumu imeshaanza kupanda, mzee. Msingoje jioni. Mkichelewa, huo mguu utakwenda, na huenda naye pia."

Darajani! Kwa korongo lile, mtu mzito kama Crescencio anahitaji wanaume wanne na kitanda cha bembea. Na siku ile wanaume wote walikuwa kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wakifukua maporomoko ya udongo nyuma ya pua ya mlima, mahali ambapo simu haishiki hata kwa dawa. Yake mwenyewe ilikuwa ndani ya mahindi, pamoja na namba zote za kijiji. Eleuterio alijikokota hadi ukingoni, akakusanya pumzi yote iliyobaki, akauelekeza mluzi kijijini.

"Hermelinda! Kompadre anakufa! Wanaume wanne na bembea! Upesi!"

Uani, Hermelinda aliacha kusaga. Alikuwa ameelewa neno la kwanza mpaka la mwisho. Vijana wawili waliokuwa wamekaa kwenye ngazi za kanisa hawakuinua hata shingo, masikio yakiwa yamezibwa. Kukimbia mpaka kwenye maporomoko ni saa nzima, na magoti yake yalikuwa na miaka sitini. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akapanda juu ya jiwe la kufulia, akafuta midomo kwa mtandio, na akaweka vidole viwili kinywani.

Alijifunza kwa baba yake akiwa binti mdogo, na tangu hapo alipiga akiwa mtoni peke yake tu, mahali pasipo na mtu wa kusikia. Mluzi uliotoka siku ile uliwafukuza kunguru kwenye mnara wa kanisa.

Kule kwenye msaragambo, majembe yalisimama hewani.

"Nani huyo?" mmoja akauliza. "Mluzi huo siujui."

"Mbona... huyo ni mwanamke!"

"Mwanamke au shetani," akasema mzee mmoja, akitupa jembe lake, "amesema Crescencio anakufa. Mnangoja nini? Twendeni!"

Walimbeba wakipokezana, wanaume kumi badala ya wanne. Eleuterio alifuata nyuma akihema, amemshikia mwenzake kofia. Gari lilikuwa pale darajani kama Yadira alivyoahidi, na alikuwa amekwisha kuwaarifu madaktari wa mjini kwa simu. Sitaki niwe mwongo: bila simu ile gari lisingekuwapo. Lakini bila mluzi, gari lingesubiri daraja tupu.

Madaktari walikata vidole viwili vya mguu, kile kidogo na jirani yake. Mguu ukabaki, na Crescencio akabaki nao. Walisema siku moja zaidi, basi, tungekuwa tunachimba kaburi.

Eleuterio alikaa kando ya kitanda siku tano. Siku ya tatu, homa ilipotulia, akauliza kile ambacho wanaume wa kwetu hawaulizi.

"Kwa nini ulinyamaza, kompadre? Nilidhani umenichoka."

"Nikuchoke vipi nawe hujanirudishia shoka langu?" Crescencio akatazama dari. Macho yake yakajaa maji. "Walinicheka. Pale mkutanoni. Mimi, niliyewaita baba zao!"

"Mimi nilicheka?"

"Hukucheka. Ndiyo maana wewe nilikuonea aibu zaidi."

Eleuterio alisogeza kiti karibu. Aliushika mkono wa mwenzake, akaushikilia mpaka muuguzi alipoleta supu.

Crescencio aliporudi, alikuta mkutano umekwisha kuamua kwamba mgeni akiomba uji au mchaichai hajamtukana mtu. Vijana wawili wa kanisani walikuwa wakimlilia Hermelinda awafundishe mluzi, naye akawaambia watoe kwanza vizibo masikioni. Kuhusu nyoka jikoni, hadi leo hajaingia hata mmoja. Yadira, mtu wa mjini, kila asubuhi husimama mlangoni mwa zahanati na kikombe chake. "Leo pumzi ya mzee Crescencio ikoje?" huuliza, na mwanamke yeyote aliye karibu humjibu.

Meno hayakurudi. Crescencio amejifunza kupiga kwa kukunja kidole cha shahada, na mluzi wake una kithembe ambacho hakuna wa kukikosea. Eleuterio sasa anafika kileleni kwa dakika thelathini. Kitambi kimepungua, ingawa yeye anadai ni mkanda ndio umelegea.

Asubuhi moja mwezi uliopita nilikuwapo ng'ambo, nimekwenda kuchukua miche ya kahawa. Wazee walikuwa wamemaliza kutaniana, Hermelinda amekwisha kuwakemea kutoka uani kwamba chapati zinapoa, na kijiji kimecheka. Simu ya Crescencio ikalia. Alikuwa Otilia. Tangu siku ya mguu humwomba baba yake aishikilie simu juu, aelekee upepo, ili aisikie milima huko aliko.

"Umelala vipi, binti yangu?" Crescencio akamuuliza.

"Vizuri tu, baba. Niko salama."

"Hapana. Usiniambie kwa mdomo. Piga."

 Kisha, kutoka ndani ya kile kidude, kutoka uchochoro fulani wa nyuma ya mkahawa nisioujua, ukaja mluzi. Ulikuwa wa lugha yetu hasa, kama alivyouigiza utotoni, ukisema nimelala vizuri. Crescencio aliinamisha kichwa akisikiliza mpaka ulipokwisha. Kisha akaisogeza simu karibu na mdomo wake usio na meno.

"Otilia. Hujala tangu jana. Na usiku umelia."

 Tukasikia akivuta pumzi, halafu kilio chake, kile kilichokuwa kimefichwa nyuma ya vidole gumba vya miaka miwili. Baba yake alikaa chini juu ya jiwe, akiwa ameishika simu kwa mikono yote miwili.

"Lia, mama, lia," akamwambia. "Ukimaliza uniambie yote. Nina asubuhi nzima."

Simu ndiyo iliyomfikisha kwetu, lakini ni mluzi uliotuambia anaumwa nini. Basi mwenye kupita na msala wake apite salama, na akitukaribisha tukae. Ila mbacha wetu tusiuache: usiache mbachao kwa msala upitao.